Kuahirisha kikao si kosa, kosa ni kufuta tarehe

Katika soko la kahawa la wilaya za Karagwe na Kyerwa, karibu kila kitu kina mlinzi wake. Mizani hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, unyevu hupimwa, magunia huhesabiwa kabla ya kupakiwa na bei hutangazwa hadharani. Kitu kimoja tu hakina mlinzi, nacho ni tarehe ya kikao. Mkutano wa wanachama huitishwa leo, huahirishwa kesho, na keshokutwa hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ulihamishiwa lini, kwa sababu gani na kwa amri ya nani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Waliosema hivyo walikuwa wakifikiria bidhaa na fedha. Soko la leo linaonesha kuwa na muda ni mali, tena ni mali inayopotea bila habari kuliko nyingine zote, kwa sababu hakuna karani anayeufungia hesabu jioni.

Hoja inayotolewa hapa ni nyepesi. Kuahirisha kikao si kosa, na hakuna chama, kampuni wala halmashauri itakayoepuka jambo hilo. Kosa ni kuifuta tarehe ya zamani kabla ya kuandika mpya. Dawa ya kosa hilo haihitaji mradi wa wafadhili. Ni faili moja la maandishi matupu kwenye kompyuta au simu, au hata kauntabuku, likitunzwa kwa kanuni chache zisizovunjwa.

HASARA ISIYOPIGIWA HESABU

Mkulima wa Igurwa, Nyaishozi au Nkwenda anapoitwa kwenye mkutano mkuu wa chama chake cha msingi, AMCOS, huacha kazi ya siku nzima. Hupanda bodaboda, au hutembea. Akifika na kukuta ghala limefungwa, hurudi nyumbani akiwa amelipa gharama ambayo haimo katika kitabu chochote.

Mfano wa kubuni unatosha. Chama chenye wanachama 150 wanaokuja kwa nauli ya shilingi 4,000 kwenda na kurudi kinakula shilingi 600,000 za wanachama wake kwa kikao kimoja kilichoahirishwa bila taarifa kufika. Hapo bado haijahesabiwa siku ya kazi ya kila mmoja, wala kahawa iliyobaki ikianikwa bila mtu wa kuigeuza. Fedha hizo zisingepita mbele ya mkaguzi kama zingekuwa zimetoka katika sanduku la chama. Kwa kuwa zimetoka katika mifuko ya watu 150, hakuna anayeuliza.

Hiyo ni hasara ndogo. Kubwa iko kwenye mkopo. Chama cha ushirika kisichokuwa na ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuridhiwa na mamlaka ya ushirika hakiwezi kukopa. Mkutano huo ukisogezwa mbele bila tarehe, maombi ya mkopo husubiri, na fedha za kuanzia msimu huchelewa. Wakati huo huo kahawa juu ya mti haisubiri muhtasari wa kikao.

Pengo hilo ndilo anamoingia mnunuzi wa butura. Katika mkoa wa Kagera jina hilo linafahamika vizuri: ni biashara ya kununua kahawa ikiwa bado maua au matunda mabichi mtini, kwa bei ya mwenye shida. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, viongozi wameikemea kwenye majukwaa, na bado ipo. Ipo kwa sababu ada ya shule ina tarehe na mgonjwa hospitalini ana tarehe, ilhali mkutano wa chama hauna. Mwenye tarehe humshinda asiye na tarehe.

Haitakuwa haki kusema kuwa butura huletwa na uzembe wa makatibu peke yao. Umaskini, mashamba madogo na kuyumba kwa bei vina sehemu kubwa zaidi. Lakini kila wiki inayopotea kati ya kikao kilichoahirishwa na kile kilichofanyika ni wiki ya faida kwa mnunuzi huyo, na katika mambo yote yaliyotajwa, hilo ndilo pekee ambalo chama kinaweza kulirekebisha chenyewe bila kuomba ruhusa Dodoma.

SABABU HALALI NA ZISIZO HALALI

Sababu za kuahirisha ni nyingi na baadhi hazina ubishi. Msiba ukitokea kijijini hakuna kikao. Mvua za masika zikikata njia ya vumbi, gari la mgeni halifiki. Barabara ya lami ya Kyaka hadi Bugene, yenye kilometa 59.1, imepunguza sana tatizo hilo kwa anayetoka Bukoba, lakini safari ya mwanachama wengi huanzia na kuishia kwenye njia za udongo. Akidi isipotimia, sheria yenyewe inataka kikao kisogezwe.

Zipo pia sababu zisizo na uzito. Iliyo kubwa ni ya kumsubiri mgeni rasmi. Kikao cha wenye mali huahirishwa mara mbili kwa kuwa kiongozi fulani yuko safarini, kana kwamba makisio ya chama hayawezi kupitishwa bila yeye kukata utepe. Nyingine ni mgongano wa tarehe ambao mtu angeuona mapema kama angekuwa na kalenda moja mbele yake: siku ya gulio, siku ya mkutano wa kijiji, siku ya kliniki ya watoto.

Faida ya kwanza ya kuandika sababu ya kila ahirisho iko hapo hapo. Mwisho wa mwaka bodi inaweza kuhesabu ni vikao vingapi vilihamishwa kwa msiba, vingapi kwa mvua na vingapi kwa mgeni rasmi. Bila maandishi hayo, maahirisho yote huitwa kwa jina moja, "sababu zisizoweza kuzuilika", na hakuna kinachorekebishwa.

MATANGAZO MENGI, TAREHE NYINGI

Hivi sasa chama cha kawaida hutangaza kikao kwa njia tano au sita. Kuna barua ya mwito, karatasi kwenye ubao wa matangazo, ujumbe wa simu, kundi la WhatsApp, tangazo la redio ya jamii, na neno la mdomo kanisani au msikitini. Njia hizo zote ni nzuri kwa kutangaza. Hakuna hata moja inayofaa kutunza.

Tarehe inapohama, kundi la WhatsApp hupata habari ndani ya dakika moja. Ubao wa matangazo hubaki na karatasi ya zamani hadi mvua iichane. Mwanachama asiye na simu ya kisasa hubaki na barua yake. Anayefungua kundi usiku hukuta ujumbe 80, katikati yake kuna tarehe tatu tofauti za kikao kimoja, na kila mmoja ana haki ya kuamini aliyoiona mwisho.

Tatizo hapo ni kukosa chanzo. Lazima pawe na mahali pamoja ambapo tarehe ya kweli huandikwa kwanza, na matangazo yote yatoke hapo. Mabenki hayana leja mbili za mteja mmoja. Chama nacho hakipaswi kuwa na kalenda nne za kikao kimoja.

MAANDISHI MATUPU NI NINI

Watu wengi wakisikia habari ya ratiba kwenye kompyuta hufikiria programu yenye rangi na picha, inayodai intaneti wakati wote. Ipo njia ya zamani zaidi na imara zaidi, nayo ni faili la maandishi matupu, yaani herufi na tarakimu tu, bila urembo. Faili la namna hiyo hufunguka kwenye kompyuta kuukuu ya ofisi, hufunguka kwenye simu, hunakiliwa kwenye flashi, huchapwa kwenye karatasi, na umeme ukikatika katikati ya kazi hasara yake ni mistari michache. Mwaka wa kurasa hizo hauzidi ukubwa wa picha moja ya simu.

Mfumo unaojulikana zaidi katika kazi hiyo unaitwa Org. Ulianzishwa mwaka 2003 na mwanafalaki aliyekuwa akifanya kazi Uholanzi, Carsten Dominik, ndani ya Emacs, programu ya kuandikia ambayo asili yake ni chuo cha MIT nchini Marekani katika miaka ya 1970. Vyote viwili ni vya bure, na faili zake husomeka hata na asiyekuwa na programu yenyewe. Kwa simu za Android ipo programu ya Orgzly inayosoma faili hizo hizo.

Msingi wake ni huu. Kila kikao ni kichwa cha habari kinachoanza na nyota. Chini yake huandikwa tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku. Mpangilio huo ndio uliowekwa na kanuni ya kimataifa ya ISO 8601 iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, na una faida moja kubwa kwa karani: ukipanga mistari kwa kufuata tarakimu, tarehe nazo hujipanga zenyewe. Vile vile unamaliza ubishi wa 04/05, ambayo kwa mmoja ni Mei 4 na kwa mwingine ni Aprili 5.

Tarehe ikiwekwa ndani ya alama za pembe, kikao hujitokeza kwenye orodha ya wiki. Ikiwekwa ndani ya mabano ya mraba hubaki kwenye faili kama kumbukumbu, lakini haijitokezi kwenye orodha. Tofauti hiyo ndogo ya alama ndiyo siri yote ya kuhamisha kikao bila kukipoteza.

KUHAMISHA KWA HATUA NNE

Uchukuliwe mfano wa kubuni wa mkutano mkuu uliopangwa Jumanne ya Aprili 14, 2026, kisha ukaingiliwa na msiba. Baada ya kuhamishwa, faili la katibu linapaswa kusomeka hivi:

* Mkutano mkuu: makisio na ukomo wa madeni
<2026-04-21 Jumanne 10:00> saa 4 asubuhi, ghalani
[2026-04-14 Jumanne 10:00] umehamishwa, sababu: msiba
Ameamua: mwenyekiti, Aprili 13 jioni
Wamejulishwa: bodi, ofisa ushirika, benki, redio
Bado: wanachama wa vitongoji vya mbali

Hatua ya kwanza ni kunakili mstari wa tarehe kabla ya kugusa chochote. Ya pili ni kuifunga tarehe ya zamani katika mabano ya mraba na kuandika sababu mbele yake. Ya tatu ni kusogeza tarehe mpya. Ya nne ni kuandika nani ameamua, nani amejulishwa na nani bado. Kazi yote haizidi dakika mbili, na ikishakamilika ndipo simu ipigwe na kundi liandikiwe. Anayetangaza kwanza na kuandika baadaye, aghalabu haandiki kabisa.

Katika kusogeza tarehe, Org hupunguza makosa yanayowasumbua makarani wengi. Katibu akiweka kishale juu ya tarehe na kubonyeza kitufe cha Shift pamoja na mshale wa kulia, tarehe husogea siku moja, na jina la siku hujirekebisha lenyewe. Barua nyingi za mwito zimeleta vurugu kwa sababu ya mstari mmoja tu, mathalani "Jumatano tarehe 21", wakati tarehe 21 ni Jumanne. Nusu ya wajumbe hufuata siku, nusu hufuata tarakimu, na akidi hupotea.

Pakihitajika kusogeza kwa wiki nzima, programu hukubali maelezo mafupi. Hapo kuna mtego unaostahili kukumbukwa. Alama moja ya kujumlisha, kama +1w, huhesabu wiki moja kuanzia leo. Alama mbili, yaani ++1w, huhesabu wiki moja kuanzia tarehe iliyokuwapo. Katibu anayeahirisha Jumatatu mkutano wa Jumanne, akitumia alama moja, ataupeleka Jumatatu ijayo bila kukusudia.

KIKAO KINA MKIA

Kosa jingine la kawaida ni kuhamisha kikao na kuacha mkia wake nyuma. Mkutano mkuu una kazi zinazoutangulia: kuchapa makabrasha, kupeleka barua, kuagiza viti, kumjulisha ofisa ushirika, kutoa fedha za chakula. Kikao kikisogezwa wiki moja na kazi hizo zikabaki palepale, chakula hupikwa siku ambayo hakuna mkutano.

Katika Org kazi za maandalizi huwekewa tarehe kwa neno SCHEDULED, ambalo maana yake ni siku ya kuanza kazi. Kikao chenyewe hakiwekewi neno hilo, kwa kuwa kikao ni tukio na wala si kazi ya kuanza. Wengi huchanganya mambo haya mawili, na matokeo yake ni kikao kilichopita kuendelea kujitokeza kila siku kama deni lisilolipwa. Mwenye kutenganisha vizuri anaweza kufungua orodha ya wiki, kuzitia alama kazi zote za mkutano mmoja kwa herufi m, kisha kuzisogeza zote kwa pamoja kwa amri ya B na s, akiandika ++7d. Kazi kumi huhama kwa mara moja, kila moja ikibaki na nafasi yake mbele ya kikao.

Kwa vikao vya kujirudia, tahadhari ni kubwa zaidi. Halmashauri ya kijiji hukutana kila mwezi, mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu, na bodi nyingi za vyama zina utaratibu wao wa namna hiyo. Programu huruhusu kuandika tarehe moja yenye alama ya kujirudia. Ni rahisi, lakini ikitokea kuhamisha kikao cha mwezi mmoja kwa sababu ya msiba, mfululizo wote huhama nacho, na bodi iliyokuwa ikikutana Alhamisi ya kwanza hujikuta katikati ya mwezi bila kuamua.

Njia iliyo salama ni kutengeneza nakala 12 mwanzoni mwa mwaka, kila mwezi na kichwa chake. Org ina amri ya kufanya hivyo kwa mara moja, ikiuliza idadi ya nakala na umbali kati ya moja na nyingine. Baada ya hapo, kikao cha Machi kikihamishwa, cha Aprili hakiguswi. Na muhtasari wa kila mwezi hupata mahali pake pa kuandikwa.

SAA YA KISWAHILI NA SAA YA MASHINE

Jambo moja halimo katika vitabu vya programu hizi, kwa kuwa waliovitunga hawakulihitaji. Kompyuta huandika 10:00, mwanachama husema saa nne. Karani mgeni akiandika 04:00 akidhani ameandika saa nne asubuhi, simu itamwamsha alfajiri saa kumi. Kwa hiyo kila mstari wa kikao uwe na saa zote mbili, ya mashine kwa tarakimu na ya Kiswahili kwa maneno, kama ilivyofanywa kwenye mfano. Tangazo la redio lisome ile ya maneno.

Mpaka nao una hesabu zake. Karagwe na Kyerwa zimepakana na Rwanda kwa upande wa Mto Kagera, na Kyerwa imepakana pia na Uganda, ambako kuna kivuko cha biashara cha Murongo. Kampala na Dodoma zina saa moja. Kigali iko nyuma kwa saa moja. Mfanyabiashara wa maharage au ndizi anayepanga kuzungumza na mnunuzi wa Rwanda saa nne bila kusema ni saa nne ya wapi, amejipangia kusubiri saa nzima. Kikao cha namna hiyo kikihamishwa, makosa huongezeka maradufu, kwa sababu kila upande husogeza kwa saa yake. Maneno mawili yanatosha kuzuia hilo: "saa ya Tanzania".

HOJA ZA WANAOPINGA

Wapo wanaosema utaratibu huu ni wa ofisi za mjini. Wanasema Emacs ni ngumu, amri zake ni za Kiingereza, na makatibu wengi wa vyama vya msingi hawakusomea kompyuta. Hoja hiyo ina ukweli. Emacs haifundishwi kwa siku moja, na mwenye kuifahamu vizuri kwa kawaida ana miaka nayo.

Lakini kanuni hazifungwi na programu. Faili lile lile laweza kuandikwa kwa programu yoyote ya maandishi iliyomo ndani ya kompyuta. Laweza kuandikwa kwenye simu. Na chama kisicho na kompyuta kinaweza kutumia kauntabuku kwa sheria zile zile: tarehe ya zamani izungushiwe mabano na isikwanguliwe, mpya iandikwe chini yake, sababu na jina la aliyeamua vifuate. Kinachopotea ni kasi ya kusogeza kazi kumi kwa pamoja. Kinachobaki ni kumbukumbu, na kumbukumbu ndiyo mali.

Wapo wengine wanaosema kalenda za intaneti zinatosha, kwa kuwa ukisogeza kikao kwa kidole, kila aliyealikwa hupata taarifa papo hapo. Kwa kampuni yenye wafanyakazi 20 wenye intaneti kutwa, hilo ni kweli na halina haja ya kubishiwa. Kwa chama chenye wanachama mamia, ambao wengi hawana anwani ya barua pepe, aliyearifiwa na kalenda hiyo ni mwenyekiti na meneja peke yao. Isitoshe, kalenda hizo kwa kawaida huonesha kikao mahali kilipo sasa. Hazimwoneshi mkaguzi mara zote kilipokuwa, wala kwa nini kilihama.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Faili la maandishi haliwezi kumjulisha mtu lenyewe, na linaweza kubadilishwa na yeyote mwenye funguo za ofisi. Ni kweli. Hapo ndipo karatasi inaporudi kazini. Kila Jumatatu orodha ya vikao vya wiki nne zijazo ichapwe au inakiliwe kwa mkono, isainiwe na katibu na mwenyekiti, ibandikwe ubaoni, na ya zamani iwekwe kwenye jalada. Ujumbe wa simu uchukuliwe neno kwa neno kutoka kwenye faili. Mstari mmoja wa tarehe, mahali na sababu unaingia vizuri ndani ya herufi 160 za ujumbe mmoja wa kawaida, kwa hiyo hata mwenye simu ya tochi ataupata wote.

KINACHOTAKIWA

Ushirika wa Kagera umepita katika mitihani mikubwa. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, kisha katikati ya miaka ya 1990 vikakutana na wanunuzi binafsi waliofika hadi vijijini na fedha mkononi. Somo la kipindi cha soko huria lilikuwa wazi. Mkulima hakuukimbia ushirika kwa kuuchukia. Alikwenda kwa yule aliyelipa siku aliyosema atalipa.

Somo hilo halijabadilika. Iwe kahawa inauzwa kwa mnada, kwa mkataba wa nje au kwa mnunuzi wa mlangoni, anayeheshimu tarehe ndiye anayeaminiwa. Chama kinaweza kuwa na ghala zuri na mizani iliyokaguliwa, lakini kikihamisha mkutano mara tatu bila maelezo, mwanachama ataipeleka kahawa yake kwingine na hatatoa maelezo yeye pia.

Kwa hiyo vyama vya msingi vya Karagwe na Kyerwa, na vyama vikuu vinavyovisimamia, vinaweza kuanza na maamuzi matatu yasiyo na gharama. Kwanza, kikao chochote kisiahirishwe bila tarehe mpya kuandikwa saa hiyo hiyo, hata kama ni tarehe ya muda. Pili, tarehe ya zamani isifutwe kamwe, bali ibaki katika mabano pamoja na sababu na jina la aliyeamua. Tatu, taarifa ya mwaka inayosomwa mbele ya wanachama iwe na ukurasa mmoja wa maahirisho: vikao vingapi, kwa sababu zipi, na kila kimoja kilichelewa siku ngapi.

Ukurasa huo utakuwa mchungu kwa baadhi ya viongozi. Wengine watagundua kuwa nusu ya maahirisho yao yalikuwa ya kumsubiri mtu aliyekuja kusema maneno machache na kuondoka kabla ya chakula. Lakini mwanachama anayetoa kahawa yake kwa imani ana haki ya kuisoma hesabu ya siku zake kama anavyosoma hesabu ya kilo zake.

Gharama ya kuanza ni kauntabuku moja. Mwenye kompyuta hana hata gharama hiyo.